Selimundu: Damu ya Watoto wa Pwani na Kipimo Chake, Tangu 1949

Wengi mmezoea tukizungumza habari za uji, chanjo na neti. Leo nawaletea historia. Ni historia ya kipimo kimoja cha damu, nami naisimulia kwa sababu kuna maneno ambayo bado yanasemwa majumbani kwetu, na maneno hayo yanavunja nyumba za watu.

Maneno yenyewe mnayajua. Mtoto amezaliwa mzima, amenyonya vizuri, amenenepa. Akifika miezi sita au minane vidole vya mikono na vya miguu vinavimba, analia usiku kucha, hataki kushikwa. Macho yanageuka manjano. Homa haziishi, damu inapungua, leo amelazwa, mwezi ujao amelazwa tena. Majirani wanaanza kusema. Mmoja anasema ni jicho, mwingine anasema ni nyuni, mwingine ananong'ona kuwa ni chirwa, yaani mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa na mtoto ndiye anayelipa. Na akizaliwa wa pili akawa vilevile, mavyaa anatoa hukumu: "Kwetu hakuna ugonjwa huu. Ameuleta yeye." Mama anafungasha nguo zake, anabeba mtoto mgonjwa na kurudi kwao.

Hospitalini ugonjwa huo tunauita sikoseli, na kwa Kiswahili chake selimundu. Haukuletwa na jicho wala zinaa. Na la muhimu kuliko yote kwa mama aliyefungasha nguo zake ni hili: hauwezi kuletwa na mzazi mmoja peke yake. Jambo hili limejulikana tangu mwaka 1949. Ni miaka mingi sana, mama zangu, kuliko umri wa wengi wetu tunaosikilizana hapa, na bado halijafika katika kila boma.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1910 huko Chicago, Marekani, daktari mmoja aitwaye James Herrick aliandika habari za kijana mwanafunzi wa udaktari wa meno, aliyetoka kisiwa cha Grenada. Kijana huyo alikuwa na upungufu wa damu, kikohozi na vidonda. Damu yake ilipowekwa chini ya darubini, madaktari waliona kitu wasichopata kukiona. Chembe nyekundu za damu huwa za mviringo, laini, kama sahani ndogo. Zake nyingine zilikuwa nyembamba na zimepinda, kama mundu wa kukatia majani. Jina la ugonjwa likatoka hapo. Bila shaka ugonjwa wenyewe ulikuwepo Afrika karne nyingi kabla ya Herrick kuzaliwa, na mama wa Kiafrika walikuwa wakiwazika watoto wao bila kujua jina lake. Yeye alikuwa wa kwanza kuuandika kwenye jarida la madaktari, basi.

Chembe ya mviringo huteleza hata kwenye mshipa mwembamba kabisa. Ile ya mundu inakwama. Zikikwama nyingi pamoja zinaziba mshipa, na sehemu iliyo mbele inakosa damu. Ikiwa ni kwenye mfupa, mtoto anapata yale maumivu ya kupiga mayowe. Ikiwa ni kwenye ubongo, mtoto mdogo anapata kiharusi kama mzee. Tena chembe hizo hazikai muda mrefu, zinavunjika upesi, ndiyo sababu damu inapungua na macho yanakuwa manjano. Na kwa nini mtoto huwa mzima miezi ya kwanza? Kwa sababu anazaliwa na damu ya aina ile aliyokuwa nayo tumboni, ambayo haipindi. Damu hiyo inapobadilika polepole kuwa ya kiutu uzima, ndipo ugonjwa unapojitokeza. Kwa hiyo wanaosema "alizaliwa mzima, amerogwa" wanasema nusu ya kweli: ni kweli alionekana mzima.

Sasa tufike mwaka 1949, mwaka ambao mambo matatu yalitokea mbalimbali duniani.

La kwanza, huko Marekani Linus Pauling na wenzake waliipitisha umeme ile himoglobini, yaani kitu chekundu kinachobeba hewa ndani ya chembe. Wakaona himoglobini ya mgonjwa inatembea tofauti na ya mtu mzima wa afya, na ya wazazi wake ni mchanganyiko, sehemu ya kawaida na sehemu ya mundu. Ile ya kawaida tunaiita A, ile ya mundu tunaiita S. Hadi leo zipo maabara zinazopima kwa njia iliyotokana na hiyo, na ndiyo maana kwenye karatasi ya majibu unaona herufi mbili: AA, AS au SS.

La pili ndilo ningependa akina baba walisikie. Daktari James Neel huko Marekani, na daktari mwingine aitwaye Beet aliyekuwa akifanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kila mmoja kwa njia yake alifuatilia familia zenye ugonjwa. Neel aliwapima wazazi wa watoto wagonjwa. Akakuta alama ya mundu kwa mama, na akaikuta kwa baba pia. Wazazi wenyewe walikuwa watu wazima wenye afya, wanafanya kazi zao, hawajui kama wamebeba chochote.

Nieleze kwa shilingi. Kila mtu ana shilingi mbili za damu, moja alipewa na baba yake, moja na mama yake. Anapozaa, anampa mtoto moja tu kati ya hizo mbili, na hachagui ipi. Baba mwenye A na S akimpata mke mwenye A na S, mtoto anaweza kupata A kwa wote wawili, akawa AA. Anaweza kupata A kwa mmoja na S kwa mwingine, akawa AS kama wazazi wake, mzima kabisa. Au anaweza kupata S kwa baba na S kwa mama, na huyo ndiye mgonjwa. Katika kila mimba, nafasi ya kupata SS ni moja kati ya nne. Msinielewe vibaya: hii haina maana kwamba ukizaa watoto wanne mmoja lazima augue, wala kwamba ukishampata mgonjwa mmoja umemaliza. Kila mimba ni kura mpya. Nimeona nyumba yenye watoto watano bila mgonjwa, na nyumba yenye wagonjwa watatu wakifuatana, na wazazi wa nyumba zote mbili wana damu ya aina moja, AS na AS.

Ndiyo maana mavyaa anayesema "kwetu hakuna" anakosea hata kama hajawahi kumwona mgonjwa kwao. S inaweza kupita kizazi baada ya kizazi kimyakimya, ikirithiwa na mtu mmoja mmoja mwenye AS, mpaka siku ikutane na S mwenzake.

Jambo la tatu la mwaka huo lilitokea hapa kwetu. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akalelewa hapa Kenya kwenye shamba huko Gilgil, akaenda kusomea udaktari Oxford, Uingereza. Mwaka 1949 alirudi na msafara wa chuo chake uliokuja Mlima Kenya. Wenzake walishughulika na mimea na wadudu. Yeye alizunguka nchi akichukua damu za watu wa makabila mbalimbali ili kutazama aina za damu, na pamoja na hilo akapima mundu. Kipimo kilikuwa rahisi: tone la damu kwenye kioo, unachanganya na dawa inayoondoa hewa ya oksijeni, unasubiri, kisha unatazama kwa darubini kama chembe zinapinda.

Alichokiona kilimshangaza. Watu wa huku Pwani na watu wa kandokando ya Ziwa Victoria walikuwa na alama ya mundu kwa wingi, katika baadhi ya makabila zaidi ya mtu mmoja kwa kila watano. Watu wa nyanda za juu na wa sehemu kavu walikuwa nayo kidogo mno, chini ya mmoja kwa kila mia. Akajiuliza: ugonjwa unaowaua watoto kabla hawajakua wakazaa, kwa nini haujaisha wenyewe? Na kwa nini umejaa Pwani na ziwani tu? Wewe unayeishi Malindi huenda jibu umeshalipata. Pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakuna? Mbu.

Mwaka 1953 Allison alirudi Afrika Mashariki kuhakikisha. Alipima watoto 290 huko Uganda. Kati ya watoto 247 wasio na alama ya mundu, 113 walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu. Kati ya watoto 43 wenye AS, walikuwa 12 tu. Alifanya na jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu kama muuguzi, leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingelipitisha: aliwachukua wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea, akawaambukiza malaria kwa makusudi, nusu yao wakiwa na AS na nusu bila. Katika wale 15 wasio na mundu, 14 waliugua. Katika wale 15 wenye AS, waliugua 2. Aliandika matokeo hayo katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1954.

Basi tuliyaona maajabu. Ile S moja, ambayo mtoto anaipata kwa mzazi mmoja, inamkinga na malaria kali. Mababu zetu waliokuwa nayo walipona utotoni wakazaa, na ndivyo ilivyosambaa huku kwetu. Ni ulinzi wa watu walioishi na mbu kwa maelfu ya miaka. Haina uhusiano na laana ya ukoo fulani, na haichagui Mgiriama, Mchonyi, Mkauma, Mswahili wala Mbajuni. Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa wengi wanachanganya: kinga hiyo ni ya mwenye AS. Mtoto mwenye SS hana bahati hiyo. Damu yake ni kidogo tayari, na malaria ikimwingia inaweza kumuua upesi kuliko mwenzake. Huyo ndiye wa kwanza kulala ndani ya neti.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbele sana katika maabara za Ulaya na Marekani. Huku kwetu hayakwenda. Damu ilichukuliwa, vitabu vikaandikwa, wanafunzi wa dunia nzima wakasoma habari za watu wa Pwani ya Kenya, na watoto wa Pwani ya Kenya wakaendelea kufa kwa ugonjwa ambao mama zao waliambiwa ni nyuni. Hilo lazima lisemwe.

Mwaka 1989 taasisi ya utafiti ya KEMRI, pamoja na Wellcome Trust ya Uingereza, ilianzisha kituo cha utafiti pale Kilifi, kando ya hospitali ya wilaya, ambayo sasa ni Hospitali ya Kaunti ya Kilifi. Wengi wenu watoto wenu wamepimwa pale, au mmetembelewa nyumbani na wale vijana wenye mikoba na karatasi nyingi. Mara nyingine mliwalalamikia kuwa wanachukua damu nyingi. Basi damu ile imetoa majibu.

Mwaka 2005 Thomas Williams na wenzake wa Kilifi walionyesha kwa watoto wetu wenyewe kiasi cha ile kinga: AS inapunguza malaria ya kawaida kwa nusu, inapunguza kulazwa kwa malaria kwa robo tatu, na malaria kali kabisa inaipunguza kwa karibu asilimia 90. Mwaka 2009 walionyesha jambo linalotuhusu zaidi sisi tunaolea. Walitazama watoto waliolazwa Kilifi wakiwa na vijidudu ndani ya damu, wakaona wenye selimundu wako hatarini mara nyingi zaidi ya wengine. Kijidudu kilichoongoza kilikuwa numokokasi, kile kinacholeta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Sababu ni kwamba wengu, wengine huita bandama, ndilo jeshi linalokamata vijidudu hivyo kwenye damu, na kwa mtoto mwenye SS wengu huharibika mapema sana.

Kisha kukawa na kazi kubwa zaidi. Kuanzia 2006 hadi 2011 walipima watoto wachanga 15,737 wa eneo la Kilifi. Waliokutwa na selimundu walikuwa 128, yaani karibu mtoto mmoja kwa kila 120. Ukienda kwenye kliniki yenye akina mama wengi siku ya chanjo, hesabu inakwambia yupo mmoja. Watoto hao 128 na wenzao walifuatiliwa, na majibu yakachapishwa mwaka 2019. Vifo kwa wenye selimundu vilikuwa zaidi ya mara 20 kuliko kwa watoto wengine. Lakini wale waliojulikana mapema na kufuatiliwa kwenye kliniki yao walikufa wachache kuliko wale ambao hawakufuatiliwa. Ugonjwa ni uleule na wilaya ni ileile. Tofauti ilikuwa kwamba hao mtu alijua.

Kujua kunasaidia nini? Mwaka 1986 huko Marekani walijaribu kuwapa watoto wadogo wenye selimundu penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku, na maambukizo makali ya numokokasi yakapungua kwa asilimia 84, hata wakasimamisha utafiti kabla ya wakati kwa sababu haikuwa haki kuwanyima wengine. Hiyo ndiyo sababu kliniki inakupa penisilini ya mtoto hata siku ambayo haumwi, na kwa kawaida anaendelea nayo mpaka miaka mitano. Najua inachosha. Najua pia baba wa nyumbani anauliza, "Dawa ya nini, na mtoto anacheza?" Mwambieni habari ya 1986.

Chanjo nazo zimekuja. Ile ya mseto wa magonjwa matano iliingia Kenya mwaka 2001, ya numokokasi mwaka 2011. Kwa mtoto wa selimundu usikose hata moja. Na kisiwa cha Jamaica kilitufundisha kitu kisichogharimu hata senti: akina mama walifundishwa kupapasa tumbo la mtoto upande wa kushoto chini ya mbavu, ili wajue wengu likivimba ghafla. Linapovimba hivyo linakuwa limemeza damu ya mwili, na mtoto anaweza kufa siku ileile. Muombe nesi akuonyeshe kwa mkono wako. Ukiona limekuwa kubwa na mtoto amepauka midomo na viganja, usingoje asubuhi, wala usipitie kwa mganga kwanza.

Halafu ikaja dawa ya haidroksiyurea, inayoirudisha damu ifanane kidogo na ile ya tumboni isiyopinda. Ilijulikana Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, lakini huku waliogopa kwamba itawaongezea watoto malaria na maambukizo. Utafiti ulifanywa katika nchi nne, Angola, Kongo, Uganda na Kenya, na kwa Kenya ulifanyika Kilifi. Watoto 606 walipewa dawa. Majibu yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha maumivu yamepungua, kuongezwa damu kumepungua, vifo vimepungua, na hata malaria imepungua kwa kiasi cha nusu. Si dawa ya kununua dukani na kujipimia. Daktari ndiye anayeiandika, na damu hupimwa kila baada ya muda.

Kipimo chenyewe siku hizi ni chepesi. Kile cha zamani cha kioo na darubini kinaonyesha tu kwamba mundu upo. Hakitofautishi AS na SS, kwa hiyo ukipewa jibu la "ana sikoseli" kwa kipimo hicho peke yake, uliza herufi mbili. Kuna vipimo vidogo vya tone moja la damu kutoka kidoleni au kisiginoni, vinavyotoa AA, AS au SS kwa dakika chache. Kama kituo chako hakina, omba barua ya kwenda hospitali ya Kilifi au Malindi. Mtoto anaweza kupimwa peke yake. Si lazima baba akubali kupimwa kwanza. Na majibu ni siri yako. Hayatangazwi kwa mavyaa wala kwa mwenyekiti wa kijiji.

Akitokea na AS, mtoto huyo si mgonjwa na hahitaji dawa. Andika kwenye kijitabu chake cha kliniki, umwambie atakapokuwa mkubwa, ili siku ya kuposa ajue kuuliza.

Nimalizie na swali ambalo huletwa mara kwa mara: kwamba kuna ugonjwa wa damu unaotoka kwa mama tu. Ni kweli upo, unaitwa hemofilia, na ni mwingine kabisa. Huo ni wa damu isiyoganda, huwapata zaidi watoto wa kiume, na mara nyingi hupitia kwa mama, ingawa hutokea pia katika familia ambayo haukuwahi kuonekana. Mtoto wa kiume akitoka damu siku kadhaa baada ya tohara, au magoti yakivimba damu bila kuanguka, mpelekeni hospitali kubwa wapime nguvu ya damu yake kuganda. Si mara nyingi tunauona. Selimundu tunauona kila wiki.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuharisha wakati wa mvua. Andaeni kalamu.